Cheni za Thelathini na Sita

Jumatatu, 3 Februari

Daftari hili nimepewa na mke wangu. Amenikabidhi asubuhi pamoja na chai, kalamu imechomekwa katikati, akasema, "Kuanzia leo ukitaka kulalamika, lalamikia karatasi. Masikio yangu yamechoka."

Basi karatasi, nisikilize wewe. Mimi ni mkata miti. Nilikuwa mkata miti. Miaka thelathini na moja nimeshika msumeno wa petroli, mpaka goti langu la kushoto likaanza kulia kama bawaba ya mlango kila nikipanda mteremko. Mwezi uliopita mdogo wangu wa kike aliniita ofisini. Kampuni tuliianzisha wawili, mimi nikikata na yeye akiandika, na kama ilivyo kawaida ya dunia, aliyeshika kalamu ndiye akawa bosi. Alifunga mlango, akaniambia kwa sauti ya upole, ile ambayo huwa inaniogopesha: "Kaka, msumeno ushuke."

Msumeno wangu amepewa mkwe wangu, mume wa binti yangu. Mimi nimepewa ufunguo wa stoo.

Kazi ya msimu huu ni mikaratusi ishirini na nne, mizee, mikubwa, iliyopangana kando ya barabara ya hospitali na kuinamia magari. Yote iwe chini kabla Machi haijaisha, kwa sababu mvua kubwa ikilainisha udongo itaanguka yenyewe, na haitachagua pa kuangukia. Bosi amenipa sharti moja. Kazi isisimame hata siku moja kwa kukosa cheni. Msimu ukiisha salama, stoo ni yangu mpaka nichoke mwenyewe. Ikisimama, hata siku moja tu, nakwenda kupumzika nyumbani.

Kupumzika! Mke wangu aliposikia neno hilo alishtuka kuliko mimi.

Ukutani stoo nimepiga misumari kwa mstari, kila cheni mpya na msumari wake. Cheni kumi na nne. Zinapendeza.

Jumanne, 4 Februari

Upepo. Mti wa kwanza chini. Hakuna jipya, ila kukaa kwenye kiti mchana kutwa kunachosha kuliko kukata.

Alhamisi, 6 Februari

Mkwe amerudisha cheni mbili. Mbili, kwa siku moja! Meno yamevunjika, yamekatika ncha, mengine yamelala kabisa. Mimi cheni moja nilikuwa nakaa nayo wiki tatu, naipiga tupa kila asubuhi kuinoa, inakata mpaka inabaki uzi.

"Shikamoo baba," akasema, kofia mkononi.

"Marahaba. Umezifanya nini hizi?"

"Kuna chuma mle ndani ya mti, baba. Ikifika kimo fulani inatoa cheche, halafu basi."

"Chuma! Mti gani unaota chuma?"

"Hata mimi sielewi."

"Umegusa ardhi. Umeuachia msumeno ukala mawe. Sema tu."

Akainamisha kichwa, akachukua cheni mpya, akaondoka. Kuanzia leo humu daftarini jina lake ni Bwana Cheche.

Zimebaki kumi na mbili.

Jumatatu, 10 Februari

Upepo umetuangushia tawi kwenye paa la choo cha wafanyakazi. Hakuna aliyekuwemo, ingawa mpika chai anaapa alikuwa njiani. Bwana Cheche, cheni moja. Kumi na moja.

Jumanne, 11 Februari

Bwana Cheche, cheni mbili. Sababu: chuma. Nimemwambia kesho aniletee hicho chuma nikiuze, nitajirika. Wafanyakazi wamecheka. Yeye pia amecheka kidogo, na hilo limenikera zaidi. Mtu ukimsema vibaya inabidi akasirike, ndiyo adabu.

Nyumbani mke wangu ananiambia, "Huyo ni mume wa binti yako. Usimfanye ngoma ya kupiga." Nikamjibu mimi simpigi, napiga hesabu. Tisa.

Ijumaa, 14 Februari

Leo nimefanya kazi ya maana, niiandike vizuri.

Cheni zimebaki nane na miti kumi na tisa bado imesimama. Kwa mwendo wa Bwana Cheche hatufiki Machi. Nimeamua kujaza stoo mapema, dazeni mbili kwa mpigo, ili mvua ije ikute nimeketi juu ya cheni kama mfalme. Tena ni lazima iwe mapema, maana duka la vipuri liko mjini, ng'ambo ya daraja la chini, na mvua kubwa ikija lile daraja huwa la samaki.

Zamani nilikuwa nikienda mwenyewe. Navaa cheni kuukuu shingoni, napanda basi, nafika dukani, namvisha muuza vipuri, namwambia, "Kama hii." Anaipima na nyingine, zikilingana nachukua. Miaka thelathini na moja sikuwahi kutaja namba. Safari hii goti limekataa basi, nikapiga simu.

"Kama ipi, mzee?" akauliza muuza vipuri. "Mimi siioni. Nitajie ya ngapi."

Nikamwambia asubiri. Nikaitandaza cheni mezani, nikaweka chaki kwenye jino la kwanza, nikahesabu moja moja kwa kidole, nikarudia kinyumenyume. Mara zote mbili ikawa vilevile.

"Thelathini na sita," nikasema.

"Thelathini na sita? Una hakika, mzee? Hizo ni za misumeno midogo ya kupogolea."

"Nimehesabu kwa mkono wangu. Mimi nilikuwa nakata miti wewe hujaota meno."

"Haya, mzee. Dazeni mbili za thelathini na sita."

Nikakata simu nikiwa na raha ya mtu aliyemaliza ubishi. Mzigo utakuja na lori baada ya siku kumi. Bosi nimemwambia tumejipanga, akaniangalia kwa muda, akasema, "Hongera, kaka."

Jumatano, 19 Februari

Mawingu yanajikusanya alasiri kisha yanatawanyika. Bwana Cheche, cheni mbili. Sikumsema. Nimekunja uso tu. Sita.

Jumatatu, 24 Februari

Mzigo umefika! Sanduku la mbao, zito, limefungwa kwa utepe wa chuma. Sikulifungua. Cheni ikikaa kwenye sanduku lake na grisi yake haipati kutu, na zaidi ya hapo nimegundua kimo chake ni kizuri kwa kukalia. Nimeweka mto juu. Kila anayeingia stoo namwonyesha: "Unaona nimekalia nini?"

Bosi alipita, akalitazama sanduku, akanitazama mimi, akauliza, "Hufungui?" Nikamwambia kila kitu na wakati wake. Akaondoka akiwa ameuma mdomo. Sijui ana nini siku hizi.

Ukutani nne. Sina wasiwasi.

Ijumaa, 28 Februari

Mvua ya kwanza, ya rasharasha. Mbili ukutani, sanduku moja chini ya makalio. Miti kumi na mmoja iko chini. Bwana Cheche kaniuliza kwa upole kama kuna njia ya kuangalia ndani ya mti kabla ya kukata. Nikamwambia ipo, inaitwa uzoefu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua usiku kucha. Mpika chai anasema maji yamefika kwenye kingo za daraja. Nimetoa cheni ya mwisho ukutani. Misumari yote kumi na minne haina kitu, lakini mimi nimekalia dazeni mbili. Nitalala vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Ngoja niandike kwa mpangilio.

Saa kumi jioni Bwana Cheche alirudisha cheni ya mwisho, imekufa. Nikasema bila hata kumlaumu, kwa sababu nilikuwa na furaha ya kufungua sanduku, "Hamna shida. Kesho unaanza na mpya." Akaenda kunawa. Nikaondoa mto, nikakata utepe, nikafunua.

Ndani kulikuwa na mikufu.

Sijui niiite nini kingine. Cheni ndogo, nyembamba, zinang'aa, nzuri, ambazo bibi harusi angeweza kuzivaa shingoni. Nikatoa ya kwanza, ya pili, ya kumi. Zote ndogo. Nikazimwaga zote sakafuni kana kwamba kubwa zimejificha chini.

Nikampigia muuza vipuri. Akasema, "Mzee, nilikuuliza." Nikamwambia cheni yangu ina meno thelathini na sita na nimehesabu mara mbili. Akashusha pumzi. "Meno ndiyo thelathini na sita. Lakini sisi hatuhesabu meno. Tunahesabu ndimi, vile vipande vya chini vinavyopita kwenye mfereji wa upanga wa msumeno. Kila jino lina ndimi mbili. Yako ni ya sabini na mbili, mzee." Nikageuza cheni kuukuu tumbo juu. Ndimi zilikuwa pale, zimejipanga, zimenitolea ulimi zote sabini na mbili.

Nikamwomba alete kubwa leo leo. Akaniambia daraja limefunikwa tangu saa nane.

Nikakaa chini. Kisha, na hili naliandika ili mtu asije akalirudia, nikapata akili. Thelathini na sita na thelathini na sita si sabini na mbili? Nikachukua mikufu miwili, nikang'oa ribiti, vile vipini vinavyoshika vipande, nikaiunga mmoja na mwenziwe, nikagonga ribiti kwa nyundo taratibu, jasho linanitoka. Nikahesabu ndimi. Sabini na mbili kamili! Nikaivisha kwenye msumeno. Ikaning'inia mle kama mkanda wa mtoto kwenye kiuno cha mzee. Ndimi ni nyembamba, zimebanana, gia hata haizitambui. Hesabu ilikuwa sahihi na cheni haikufaa kitu.

Mlango ukasukumwa. Bwana Cheche. Akaona sakafu, akaona cheni iliyoungwa, akaona uso wangu. Nilingoja aseme. Mwezi mzima nimemfanya kichekesho cha karakana. Hii ilikuwa zamu yake, na bosi alikuwa hatua kumi kutoka pale.

Akafunga mlango kwa ndani.

"Baba," akasema, "zile za zamani tumezitupa?"

"Zimo kwenye pipa. Kumi na nne. Zimekufa."

"Tukizipiga tupa?"

"Kazi ya siku nzima hiyo. Kesho saa moja mnatakiwa muwe mtini."

Akachuchumaa, akaanza kuokota mikufu na kuirudisha sandukuni, mmoja mmoja. Nami nikaokota. Tulipomaliza akaweka mto juu yake kama ulivyokuwa.

Kesho kazi inasimama. Sharti ni sharti. Mke wangu nimemwambia naumwa kichwa.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua! Imeanza alfajiri na haikupumua. Mvua ya kufunika barabara, mvua ya kumfanya mtu asimsikie wa pembeni yake. Saa moja bosi akapita na mwavuli, akatangaza hakuna kupanda mtini leo, kila mtu kwake. Kazi imesimama, lakini kwa mvua, si kwa cheni! Mwezi mzima nimeiogopa mvua, leo nilitaka kuibusu.

Nikajifungia stoo na pipa la cheni zilizokufa. Saa mbili mlango ukagongwa. Bwana Cheche, amelowa mpaka soksi. "Nimekuja kushika upande mmoja," akasema.

Kupiga tupa si kukwaruza. Unatafuta jino fupi kuliko yote, halafu mengine yote unayashusha yalingane nalo, pembe ileile, mikwaruzo idadi ileile, kulia na kushoto. Ukiacha jino moja refu, cheni inavuta upande na kukata upinde. Nikamfundisha. Mara ya kwanza alishika tupa kama kijiko. Kufika saa sita alikuwa akiniuliza, "Hili, baba? Au bado?" na jino lilikuwa tayari.

Mchana, mikono ikiwa kazini na mvua ikipiga bati, niliyatazama yale meno kwa karibu, moja baada ya jingine. Sikuweza tena kujidanganya. Cheni iliyogusa ardhi huwa butu, meno yake yanalainika kama sabuni iliyotumika. Hizi hazikuwa butu, zilikuwa zimevunjika. Ncha zimeruka. Ni chuma tu ndicho kinachovunja jino namna hiyo, na mimi nimelijua hilo kabla huyu hajazaliwa. Nililijua tangu tarehe sita Februari, cheni ya kwanza ilipowekwa mkononi mwangu. Nilikuwa na wivu, basi. Alikuwa ameshika msumeno wangu, na nilitaka aukosee.

Sikumwambia. Nilimwambia, "Mkono wako si mbaya." Akafurahi kama amepewa cheo, na mimi nikazidi kujisikia vibaya.

Cheni tisa zimefufuka. Tano hazifai hata kwa dawa. Nimezitundika zile tisa ukutani.

Ijumaa, 7 Machi

Jua. Kazi imeendelea. Cheni zetu zinakata! Vibanzi vya mti vinatoka virefu, si vumbi. Moja imevunjika jioni. Nane.

Jumatatu, 10 Machi

Mbili leo. Sita zimebaki, na hizi zimeshakuwa fupi meno, hazitapigwa tupa mara nyingi tena. Daraja bado. Miti kumi na mmoja imesimama. Hata mtoto anaweza kuifanya hesabu hiyo.

Saa tisa Bwana Cheche aliingia na kipande cha gogo amekikumbatia kifuani. "Baba, shikamoo. Ulisema nikuletee chuma ukiuze."

Alikuwa amepasua gogo kwa shoka pale pale cheni ilipokatikia. Ndani ya mti, kina cha kiganja kizima kutoka kwenye gome, palikuwa na doa jeusi, na katikati ya doa kulikuwa na msumari mnene umepinda, na chini ya kichwa cha msumari kipande cha bati kimeliwa na kutu. Rangi ya bluu ilikuwa bado ipo kidogo. Kulikuwa na herufi tatu: HOD.

"Naona mti ulikuwa unapiga hodi," akasema.

Alitaka nicheke. Mimi nilikuwa naitazama ile D. Ilikuwa na mkia chini. Ni mtu mmoja tu ninayemjua anayeipa D mkia.

Miaka thelathini na moja iliyopita, wiki ya kwanza ya kampuni yetu, hatukuwa na ofisi wala simu. Nilipasua madebe ya oili, nikayanyoosha, nikaandika kwa rangi ya bluu: MKATA MITI HODARI. ULIZA DUKANI. Nikatafuta barabara yenye watu wengi. Ilikuwa ya hospitali, na miti yake ishirini na nne ilikuwa bado myembamba, ya kukumbatiwa. Nikaipigilia mabati yote ishirini na nne, misumari minne minne, mdogo wangu ameshika ngazi. Mabati yalioza. Mti hauozi, wenyewe hunenepa tu. Ulimeza misumari yangu yote, ukafunga mdomo.

Nikamwambia, "Ilikuwa HODARI."

"Nini, baba?"

"Herufi zilizobaki. Misumari ni yangu. Yote. Nimekulaumu msimu mzima kwa misumari yangu mwenyewe. Na nilijua si mawe. Nisamehe, mwanangu."

Nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka mpaka kofia ya kazi ikamdondoka. "Kwa hiyo," akasema akijifuta machozi, "Bwana Cheche ni wewe, baba."

Nikaganda. "Jina hilo nani kakuambia?"

"Mama analisoma daftari lako kila ukilala. Halafu anampigia binti yako."

Mke wangu, kwa kuwa najua unasoma hapa: chai ya leo ilikuwa na sukari kidogo mno.

Jumanne, 11 Machi

Nilimweleza mkwe jambo moja ambalo hakulijua. Alidhani misumari imepanda juu pamoja na mti. Haipandi. Mti hurefuka kileleni na kunenepa ubavuni. Msumari hubaki palepale ulipopigwa, kimo kilekile, upande uleule, hata miaka mia. Na kimo chenyewe nakijua: mimi, kwenye ngazi, hatua ya tatu, mikono juu.

Ngazi ile bado tunayo. Goti likakataa hatua ya pili. Basi akapanda yeye mpaka ya tatu, akainua mikono, nami nikasimama kando ya barabara kumtazama, na hapo nikaona kitu ambacho miaka minne ya ukwe sikuwa nimekiona. Tunalingana kimo. Kidole kwa kidole. Binti yangu alichagua mtu wa kimo changu na mimi sikutazama.

"Hapa, baba?"

"Hapo hapo. Upande wa barabara. Mimi nilitaka wapita njia wasome, si ndege."

Tumezungushia kila mti pete mbili za rangi nyekundu, moja juu na moja chini ya mahali pa misumari. Rangi, si chaki, maana mvua ingefuta. Katikati ya pete hapaguswi na msumeno. Kipande hicho kinabaki gogo fupi, kinakwenda kuni. Mti wa kwanza wenye pete ulikatwa vipande saba leo. Hakuna hata cheche moja.

Cheni zilikuwa sita asubuhi, na jioni bado ni sita.

Jumatano, 12 Machi

Miti miwili. Sita.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua mchana, jua jioni. Miwili tena. Sita! Naandika namba hii kwa raha mpaka nashindwa kulala. Nimeongezewa sukari kwenye chai.

Jumanne, 18 Machi

Moja imechoka kwa uzee wake, si kwa chuma. Tano. Mkwe ameipiga tupa iliyofuata mwenyewe bila kuniuliza pembe. Nimeikagua kwa siri alipotoka. Sikuona cha kusahihisha, nilitafuta sana.

Ijumaa, 21 Machi

Mti wa ishirini na nne umelala saa nne na robo asubuhi, pale tulipoutaka, bila kugusa hata taa ya barabarani. Wagonjwa walikuwa wametoka verandani, wakapiga makofi. Mkwe alizima msumeno, akaniletea mkononi, akasema kata kipande cha mwisho wewe. Goti halihusiki na gogo lililolala. Nikakata. Harufu ile ya mkaratusi mbichi ikanijaa puani, na machozi yalinitoka. Nikasema ni kibanzi jichoni.

Cheni tatu ukutani. Kazi haikusimama hata siku moja kwa kukosa cheni.

Lakini nilijua kuna tarehe sita Machi. Jioni nikaenda ofisini kwa bosi, nikafunga mlango, nikaweka ufunguo wa stoo mezani kwake.

"Mdogo wangu, ile siku ya mvua, isingenyesha kazi ingesimama. Niliagiza cheni za thelathini na sita. Nilihesabu meno. Na misumari ndani ya miti ni ile yetu ya mabati."

Akainama chini ya meza yake, akavuta sanduku la mbao, pacha wa lile langu, akalifungua. Cheni kubwa, dazeni nzima, na grisi yake.

"Muuza vipuri alinipigia siku ileile," akasema. "Aliuliza kama siku hizi tunapogoa maua. Nikamwambia akuletee ulichoagiza, na mimi aniletee hizi."

"Ulijua! Ukaniacha nikalie mikufu wiki nzima!"

"Kila siku nilikuwa nangoja uingie useme. Ile tarehe sita nilikuja mlangoni kwako na sanduku hili limefunikwa kwa koti, nikawasikia ndani mnapiga tupa. Unamwambia, 'Mkono wako si mbaya.' Kaka, wewe hujawahi kumwambia mtu hivyo. Mimi mwenyewe hujaniambia. Nikarudi nalo."

"Na misumari?"

Hapo akafunika uso kwa mikono miwili, akaanza kucheka. "Hiyo sikujua, wallahi. Nimeshika ngazi ile miti yote ishirini na nne, mikono ikaota malengelenge, na nimesahau kabisa!"

Tulicheka mpaka mpika chai akafungua mlango kuona kuna nini. Bosi akausukuma ufunguo urudi upande wangu wa meza.

Jumatatu, 24 Machi

Daraja limefunguliwa. Muuza vipuri amesema hawezi kuzipokea zile cheni ndogo, kwa sababu utepe umekatwa na mbili nimeziunga.

Mkwe alikuja asubuhi na kile kipande cha bati, amekisafisha, amekigandisha kwenye ubao wa mkaratusi alioupiga randa mwenyewe. Mwishoni mwa zile herufi tatu za bluu ameongeza moja kwa rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka pete. Sasa inasomeka HODI. Alitaka tuutundike juu ya mlango wa stoo.

Nikachukua nyundo. Akaninyang'anya.

"Misumari basi, baba."

Tumeutundika kwenye boriti kwa ile cheni niliyoiunga, ndimi sabini na mbili kamili. Inafaa kabisa. Ubao umening'inia sawa, hauendi kulia wala kushoto.

Nilikuwa ndani nikipanga zile kumi na mbili mpya ukutani kando ya tatu za zamani niliposikia sauti ya bosi nje, anasoma ubao kwa sauti kama mwanafunzi, herufi moja moja, mpaka alipofika mwisho.

"Hodi!"

"Karibu," nikasema. "Zipo kumi na tano."